Taa ya Kobe

Shoga yangu Furaha,

Neema hajambo. Naanza na huyo kwa sababu najua ndiye ungeniuliza kwanza, hata kabla hujanipa nafasi ya kuvua viatu. Binti yako hajambo, anakula, amejaa kidogo mashavuni, na asubuhi hii ametoka nyumbani akiimba. Mimi pia sijambo. Mimea yako nayo haijambo, ingawa mmoja umenitia wasiwasi juzijuzi kwa kuvamiwa na utitiri. Tumeukosha kwa maji ya sabuni jani moja moja, juu na chini, kama tunaogesha kichanga.

Ndiyo, mimea. Bado tunayo. Na taa bado inawaka.

Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipokaa na kalamu nilikuwa nalia tu, na wewe barua ya kilio usingeipokea. Wewe ulikuwa ukienda msibani unarudi na vichekesho. Nikasubiri. Baridi imepita, mijakaranda imechanua ikapukutika, sasa ni mvua za Desemba na radi zake za alasiri, na mimi nimekaa jikoni kwetu hapa mtaani Observatory, nimeandaa ya kukuchekesha. Kama nitalia katikati, utanivumilia.

Leo nimekumbuka siku ulipoingia chumbani kwangu mara ya kwanza. Mwaka 2015, mimi nashona mapazia katika lile jengo la zamani mjini, karibu na stendi ya teksi, juu yetu kanisa linapiga ngoma mchana kutwa. Ulikuja kutoka saluni ya upande wa pili wa ukumbi, kitana kimechomekwa kichwani, ukasema, "Mama, uko na makasi?" Mimi mtu wa Tanga, nimelelewa kwamba mtu husalimia kwanza. Nikakujibu, "Hujambo." Ukasema kwa pumzi moja, "Hujambo, sijambo, uko na makasi?" Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikakwambia hicho chenu cha Bukavu si Kiswahili. Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Weye unaongea kama redio." Tangu siku hiyo mimi nikawa Redio. Makasi yangu hayakurudi kamwe.

Na mkono uliopokea yale makasi ulikuwa umevimba. Nililiona hilo.

Kusuka nywele za watu miaka yote ile, asubuhi za baridi, vidole vikiwa wazi, kulikuwa kumekula viungo vyako. Tulipohamia huku Observatory, kwenye kijumba cha uani tulichopanga pamoja, mimi mwanamke niliyeachika, wewe mjane mwenye binti, ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Ulikuwa unashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Neema alikufungulia vifungo vya gauni. Vidonge vya hospitali vilikuchoma tumbo, ukaviacha. Kisha Gogo, yule bibi wa Kizulu tunayepakana naye ukuta, akakuletea kopo la mafuta aliyochemsha mwenyewe na majani ya bangi, kama alivyofanya mama yake kijijini kwao. Nilikupaka usiku ule, nikikunja uso kwa ile harufu. Asubuhi ulifunga mwenyewe vifungo vyako. Mpaka leo sijui kama ni yale majani, au ni kule kukandwa, au ni kupata usingizi tu. Wewe ulijua. Hukutaka hata tujadili.

Kwa hiyo siku redio ya saluni ilipotangaza kwamba mahakama imeamua mtu mzima anaweza kupanda kwake, faraghani, kwa matumizi yake mwenyewe, ulimwacha mteja na nusu kichwa ukaja mbio kwangu. "Mwanaidi! Banasema mutu mukubwa anaweza panda kwake!" Nilikufunika mdomo kwa kiganja. Kwetu, nyumba yenye harufu hiyo watoto walikatazwa hata kupita mbele yake. Na sisi ni wageni hapa, Furaha, karatasi zetu ni za kuhesabiwa miezi. Nikakwambia mimi sivuti na nyumbani kwangu havuti mtu. Ukanishangaa kwelikweli. "Nani anasema kuvuta? Mie nataka pakaa mikono." Basi tukakubaliana kwa kushikana mikono juu ya cherehani: hakuna kuvuta, hakuna kuuza hata jani, mlango una kufuli, na hakuna binadamu mwingine atakayejua zaidi ya mimi, wewe, Neema na Gogo.

Nitarudi kwenye hilo la hakuna binadamu mwingine.

Uani hatukuweza kupanda. Ukuta ule ni mfupi na wanaopanda kilima kutoka Yeoville wanaona mpaka sufuria zetu. Tukachukua stoo ya nyuma ya jikoni. Nilikushonea pazia la kitambaa cheusi, tabaka mbili, pazia bora kuliko yote niliyowahi kushona, na hakuna mteja aliyewahi kuliona. Taa tulinunua Marshalltown, ile yenye mwanga wa zambarau unaofanya sote tuonekane kama tumekunywa juisi ya zabibu tukaoga mabaki. Mavuno ya kwanza, hee. Maua mepesi, makavu, kama majani ya chai yaliyokwisha pikwa. Ulichemsha mafuta yako, yakatoka yamepauka, ukanusa, ukafunika sufuria bila kusema neno. Wewe kunyamaza!

Halafu siku moja ulirudi kutoka saluni ukasimama katikati ya jikoni, mkoba bado begani, ukaanza kuhubiri. Mteja wako, msichana aliyekuja kusukwa rasta na ambaye alikuwa anapanda kwake huko Kensington, alikueleza jambo. Kwamba huu mmea ukiwa milimani, kwenye jua kali, hupigwa na mionzi ambayo sisi hatuioni kwa macho, na inasemekana ndipo unapotoa utomvu mwingi, ule unaonata, ili kujikinga. Na taa za ndani kama yetu hazina mionzi hiyo. "Kumbe utomvu njo mafuta yake ya jua!" ulisema, ukapiga meza. "Mumea yetu iko kivulini kama bibi arusi. Itajikinga na nini?"

Nikakwambia mionzi hiyo nimeisoma shuleni Tanga, inaitwa urujuanimno.

"Uruju-nani?"

Nilirudia polepole. Ulijaribu. Ulijaribu ukiwa unakoroga ugali, ulijaribu bafuni, Neema akakurekodi kwenye simu. Rekodi hiyo ninayo. Unafika "urujua" vizuri kabisa, halafu unaangukia kwenye kicheko kama mtu aliyekosa ngazi. Mwishowe ukasema Kiswahili cha redio kimekushinda, hiyo itaitwa taa ya kobe.

Kwa sababu taa zenyewe, yule msichana alisema, za mimea ni ghali na huagizwa, lakini kwenye maduka ya wanyama wa kufugwa zipo za kuwekea mijusi na kobe, zinatoa mionzi ile ile. Ee Mola, lile duka! Tumeingia sote wawili, mimi na buibui langu, wewe na kitenge chako cha maua makubwa, sungura wanatutazama. Kijana wa duka, mpole kweli, akauliza tunamwekea taa mnyama gani. Hatukuwa tumepanga jibu. Wewe ukasema kobe, na mimi papo hapo nikasema nyoka. Kijana akatutazama mmoja mmoja. Ukamwambia bila kupepesa, "Wote wawili. Wanaishi pamoja." Masikini, alishtuka kwa dhati. Alituelezea kwa muda mrefu kwa nini nyoka na kobe wasikae kizimba kimoja, akatupa karatasi ya malezi ya kobe, na akauliza kobe anaitwaje ili atuandikie kwenye kadi ya duka. "Célestine," ulisema. Tulitoka na kadi ya Célestine. Pale kwenye robot, taa za barabarani, ulikaa chini kabisa, juu ya ukingo wa njia, ukashika mbavu, taa zikageuka kijani na magari yakatupigia honi na sisi hatuwezi kunyanyuka.

Na kazi tuliifanya kweli, hatukufanya mchezo. Ulikata vitawi viwili kutoka mmea mmoja, vikashika mizizi, ukavipanda ndoo mbili sawasawa. Katikati ukasimamisha ubao uliofunikwa karatasi ya fedha ya jikoni. Huku taa ya zambarau peke yake, huku ya zambarau na ya kobe. "Tutaona na macho," ulisema, "hapana na maneno."

Macho yenyewe nusura tuyapoteze. Siku ya kwanza niliisimamia ile taa nikiishangaa kwa nini haitoi mwanga wa ajabu wowote, kumbe ndiyo inanichoma. Jioni nikawa kama nimemwagiwa mchanga machoni. Ndipo ukaweka sheria: taa ya kobe ikiwaka haingii mtu, na anayelazimika kuingia avae miwani ya jua na mikono mirefu. Miwani tuliyokuwa nayo ni ile ya saluni, mikubwa, yenye vijiwe vinavyometameta pembeni. Umeniacha na picha hiyo, Furaha. Wewe na miwani ya nyota wa muziki, kofia ya jua, glavu za kuoshea vyombo, umeinama unaongea na ndoo.

Mmea nao tuliuunguza. Uliweka taa karibu mno na ukaiacha tangu asubuhi mpaka jioni, ukidhani wema ukizidi ndio bora. Majani yakajikunja juu kama viganja vinavyoomba, yakapata madoa ya rangi ya shaba. Ulipiga magoti. "Pardon, mama, pardon," ulikuwa unauambia. Tukaipandisha taa karibu na dari na kuiwasha kwa muda mfupi tu katikati ya mchana wa mimea, na tukasubiri maua yaanze ndipo tukaongeza kidogo kidogo. Ukapona. Umeme ulipokatwa mtaa mzima, na mwanzoni mwa mwaka huu ulikatwa mara kwa mara, ulikuwa unaenda kusimama gizani mlangoni kwao. "Hapana ogopa, itarudia." Mimi na Neema tukiwa na mshumaa jikoni tunasikia mtu mzima anabembeleza bangi.

Maua yalikuwa yamefunga ulipoondoka.

Ilikuwa Jumamosi. Ulikuwa saluni, ulikaa kwenye kiti cha wateja, ukasema unapumzika kidogo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukumbi na cherehani yangu. Nilisikia wenzako wanaita jina langu kwa sauti ambayo... Hapana. Hii nimeshaiandika mara nyingi kichwani, na leo sitaki. Daktari alisema moyo. Alisema hukusikia maumivu. Nimeamua kumwamini.

Sasa nikupe kichekesho nilichokuahidi.

Matanga yako. Nyumba ile unavyoijua, watu wawili wakikutana jikoni mmoja lazima arudi nyuma, na kanisa lako lote limekuja. Kwaya yenu imejaa mpaka uani, mimi na wanawake wenzangu wa msikitini tunapika pilau kwenye sufuria za kukodi, Gogo ameleta kiti chake mwenyewe. Na mimi moyoni nina jambo moja tu: ule mlango. Nimeufunga, nimejaza blanketi chini yake, na mwanga wa zambarau bado unachungulia kama maji. Kila mtu akipita karibu natokwa jasho. Nilifikiri: watamzika asubuhi, jioni watasema Furaha alikuwa muuza bangi. Nilifikiri polisi. Nilifikiri kaka yako Dieudonné, ambaye alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Durban, atasema nini kuhusu mimi niliyekaa na dada yake.

Basi Mama Pasta, mke wa Mchungaji wenu, akatafuta mahali pa kuweka mikoba ya kwaya. Akaona ufunguo kwenye msumari wa jikoni. Mimi nina mwiko mkononi, niko upande wa pili wa jiko, simfikii.

Akafungua.

Furaha, ile zambarau ilimwagika ukumbini juu ya vitenge vyote, juu ya pilau, juu ya picha yako mezani. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, ikakatika. Mama Pasta alisimama pale kizingitini, mwanamke mkubwa, ameziba mlango mzima, hageuki. Nikasema moyoni, innalillahi, na mimi ndio mwisho wangu.

Akageuka. Akanitafuta kwa macho. Akasema, "Mwanaidi, toka juzi nani anabapatia maji?"

Sikumwelewa. Nikadhani anawasema wageni. Yule mwimbaji wa sauti ya tatu akauliza kutoka nyuma, "Ile ya taa ya kobe njo gani, ya kuume ao ya kushoto?" Mwingine akasema, "Célestine iko wapi?" Na kwaya nzima, kwenye matanga, mbele ya picha yako, ikaangua kicheko.

Walijua! Wote! Kutoka siku za kwanza! Uliwaambia kwenye mazoezi, uliwaambia saluni, ulimwambia Mchungaji mwenyewe ukitaka akuombee vitawi vishike mizizi. Mimi nimeshona pazia la tabaka mbili. Mimi nimekuwa nachoma udi kila jioni mpaka kifua kikaniuma. Na wewe umeeneza habari kutoka Observatory mpaka mjini! Nilikaa chini kwenye gunia la vitunguu nikacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Pasta akanivua mwiko mkononi akaenda kupakua.

Kaka yako hakucheka. Alipita katikati ya watu, mlinzi kwa kazi yake, mabega kama kabati, akaingia ndani ya stoo akatazama ubao, ndoo, kamba ya kupandishia taa uliyoifunga kwa mafundo yako ya kusukia. Akaniuliza, "Furaha njo alitengeneza hii yote?" Nikasema ndiye. "Na ile mikono?" Nikasema ndiyo, na mikono ile ile. Akavaa miwani yako yenye vijiwe, ingawa taa ya kobe ilikuwa imezimwa, na nadhani aliivaa ili tusimwone machozi.

Alikuwa amekuja kumchukua Neema. Alinieleza kwa heshima, siku ya pili baada ya mazishi: mtoto wa dada yake hawezi kubaki na mtu asiye wa ukoo, Durban kuna chumba, kuna shangazi zake. Nilimjibu ana haki. Nilikuwa na haki gani mimi? Nilianza mwenyewe kukunja nguo za Neema. Nilikunja vibaya, Neema akazikunjua, tukawa tunashindana pale.

Kisha akasimama akamwambia mjomba wake, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba hawezi kuondoka kabla ya kuvuna. Mama alisema wataona kwa macho. Yeye anataka kuona. Baada ya hapo atakuja.

Mjomba alinitazama, nikatazama chini. "Mpaka kuvuna," akasema.

Tukavuna, shoga. Sikiliza sasa matokeo, maana ulikufa bila kuyajua na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mmea wa taa ya zambarau peke yake ulikuwa mrefu, maua manene, mzuri wa kutazama. Wa taa ya kobe ulikuwa mfupi, majani magumu, maua madogo, nikahuzunika kwa ajili yako. Lakini Neema alipoanza kukata, makasi yakagoma. Yalinata. Alilazimika kuyapangusa kwa mafuta kila baada ya tawi, na harufu ilijaa nyumba, ya maganda ya ndimu na kitu kama pilipili manga, wakati ule mwingine ulinukia nyasi tu. Maua yalikuwa kama yamenyunyiziwa sukari. Neema aliinua tawi kwenye dirisha akaanza kuruka ruka, na mimi, mtu mzima wa Tanga mwenye buibui, nikaruka naye.

Mafuta tulichemsha sufuria mbili, tukatia kwenye makopo yenye alama. Mama Pasta, na magoti yake yanayomuuma, alijaribu yote mawili, akasema la kobe ndilo. Gogo alijaribu akasema hakuna tofauti hata kidogo, ni sisi tunajidanganya. Walibishana uani mpaka chai ikapoa, huyu Kizulu, yule Kiswahili cha Bukavu, hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyenyamaza. Kisha Gogo akanyoosha kidole juu. Akasema mji huu wenyewe uko juu ya mlima, jua lake linatoboa kofia, na sisi tumekwenda dukani kununua jua la mjusi. Nadhani wewe ungekuwa na jibu.

Lakini Neema hakwenda Durban. Baada ya kuvuna alisema anataka kuona vitawi vipya vikishika mizizi. Vikashika. Akasema anataka kujaribu taa ikiwashwa mwishoni tu mwa maua. Mjomba alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza atakuja lini, na sasa anapiga kuuliza majani yako namna gani. Binti yako amepata kazi kwenye kitalu cha miche na maua huko Bedfordview, anarudi na udongo chini ya kucha na majina ya Kilatini mdomoni. Na Kiswahili anakizungumza! Yule aliyekuwa anatuelewa kila neno na kutujibu kwa Kiingereza. Ilianza asubuhi moja umeme umekatika, akaja mlangoni kwangu akaniambia, "Mama mdogo, taa amelala." Amelala! Redio mzima sikumsahihisha. Sijamsahihisha mpaka leo. Na hilo la mama mdogo sikumwomba, alilileta mwenyewe.

Nakaribia kumaliza, lakini kuna jambo la juzi.

Mama yako alipiga kutoka Bukavu. Mtandao ulikuwa mzuri, nilimwona uso wote. Tumezungumza mara nyingi tangu msiba, ya afya na ya Neema, lakini safari hii aliniuliza swali ambalo nadhani amelibeba miezi yote hii. Aliuliza kama mikono ilikuwa inakuuma mpaka mwisho.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kuhusu Jumapili ile ya mwisho, ulivyotoka kanisani ukakaa kwenye kizingiti cha jikoni, ukamweka Neema kati ya magoti yako, ukamsuka kichwa kizima, ile mistari myembamba kuliko yote, bila kusimama, bila kukunja uso, unaimba. Ukamaliza ukanyoosha vidole mbele ya jua ukavitazama. Ukasema, "Nani mwingine?" Hakukuwa na mwingine ila mimi. Mimi na shungi langu, miaka yote ile sijakupa kichwa changu kwa sababu sikutaka kukuongezea kazi. Nilivua shungi. Ulinisuka mpaka kivuli cha ukuta kikafika getini. Nilimwambia mama yako kwamba nilikuzika nikiwa na mistari yako kichwani chini ya mtandio, na nilikaa nayo mpaka nywele zikaota chini yake, na ilipobidi kuifumua niliifumua mwenyewe, sikumpa mtu.

Alisikiliza yote. Kisha yule mama, mwembamba vile, peke yake chumbani kwake kule ng'ambo ya simu, alipiga kigelegele. Kirefu, Furaha. Neema alikuja mbio kutoka bafuni na povu kichwani.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii: karatasi zetu zikikubali, mwaka ujao Neema nampeleka Bukavu mwenyewe, nimkabidhi mikononi mwa bibi yake akabusiwe mashavu. Gogo atatumwagilia. Na mimi nitamkanda mama yako vidole, kwa mafuta yoyote watakayokuwa nayo huko, na nitamsimulia habari zako mpaka anifukuze.

Pumzika, shoga yangu. Mvua imeanza, ngoja nikaanue nguo.

Redio wako,
Mwanaidi